Ozoni ya Mirihi na Miamba ya Geita

Mirihi ina ozoni. Ni kidogo mno: ozoni yote iliyo juu ya ikweta ya sayari hiyo ikikusanywa na kukandamizwa hadi kanieneo la hewa ya usawa wa bahari duniani, hufanya utando wa mikromita 1 hadi 3 hivi. Kwenye ncha za sayari, majira ya baridi, utando huo hunenepa hadi makumi kadhaa ya mikromita. Ozoni iliyo juu ya Shinyanga na Geita ikipimwa kwa namna hiyo hiyo hufanya utando wa milimita 2.6 hivi, takriban mara elfu ya ule wa ikweta ya Mirihi. Jua linaloziangaza sayari hizi mbili ni moja, na atomu za oksijeni ni zile zile. Kinachotofautiana ni hewa inayoupokea mwanga, na kazi inayofanywa na maji ndani ya hewa hiyo. Na ipo sayari ya tatu ya kulinganisha nazo: dunia hii hii kama ilivyokuwa miaka bilioni 2.7 iliyopita, wakati mwamba ambao leo unavunjwa kwenye karasha za Geita ulipokuwa bado tope la chuma katika sakafu ya bahari, chini ya anga lisilokuwa na ozoni ya kutajika.

Ozoni ni oksijeni yenye atomu 3 katika molekuli moja badala ya 2. Hatua za kuzaliwa na kufa kwake zilipangwa mwaka 1930 na Sydney Chapman wa Uingereza. Mwanga wa urujuanimno wenye urefu wa wimbi usiozidi nanometa 242 huivunja molekuli ya oksijeni. Kila atomu iliyoachwa peke yake huikimbilia molekuli nyingine nzima na kushikamana nayo, mradi ipo molekuli ya tatu karibu ya kuipokea nishati inayobaki. Ozoni iliyozaliwa hivyo nayo huvunjwa na mwanga, hasa wa kati ya nanometa 200 na 310, na kila inapovunjwa huwa imeuzuia mwanga huo usifike chini. Kilele cha unyonyaji wake kiko kwenye nanometa 255 hivi. Mstari mkuu wa mwanga wa taa ya mvuke wa zebaki uko kwenye nanometa 253.7, karibu kabisa na kilele hicho, na ndiyo sababu vyombo vingi vya kupimia ozoni vina taa ndogo ya zebaki ndani yake. Ni zebaki ile ile ambayo wachimbaji wadogo wa Rwamgasa na kwingineko mkoani Geita huitumia kukamata dhahabu kwenye mialo, na ambayo ikichomwa bila chombo cha kunasa mvuke huingia kwanza kwenye mapafu yao na ya watoto wao, kisha hupanda angani, ambako kemia inayoendeshwa na jua huibadili polepole hadi irudi chini na mvua. 

Ozoni ya Afrika Mashariki inapimwa. Tangu mwaka 1998, mtandao wa kimataifa wa vituo vya kizio cha kusini uitwao SHADOZ umekuwa ukikusanya vipimo vya maputo yanayobeba vihisi vya ozoni hadi kilomita 30 na zaidi. Nairobi ni mojawapo ya vituo hivyo, na Malindi iliwahi kuwa kituo pia. Vipimo vya ikweta vinaonyesha utando mwembamba kuliko ule wa nchi zilizo mbali na ikweta, ambako upepo wa juu huipeleka ozoni inayozaliwa hapa. Pamoja na hayo, jua la Shinyanga na Geita hupita utosini mara mbili kwa mwaka, karibu na siku za Machi na Septemba ambazo usiku na mchana hulingana. Ngao nyembamba na jua la utosini maana yake ni mionzi mingi ya nanometa 280 hadi 315 ardhini, sehemu ya wigo ambayo ozoni huizuia kwa kiasi tu. Watu wenye ualbino katika mikoa hii hulipa gharama ya mionzi hiyo kwa saratani ya ngozi inayowaanza wakiwa vijana, na kila kichupa cha mafuta ya kukinga jua ya Kilisun yanayotengenezwa mjini Moshi kina thamani isiyopimika kwao. Mionzi ya chini ya nanometa 280, iliyo kali zaidi kwa chembe hai, haifiki kabisa. Kwenye Mirihi inafika.

Hewa ya Mirihi ni nyepesi kupita mazoea yote ya hapa. Kanieneo lake ardhini ni wastani wa hektopaskali 6. Geita, iliyo zaidi ya mita 1,200 juu ya usawa wa bahari, hukaa kwenye hektopaskali 880 hivi. Ili kulikuta kanieneo la ardhi ya Mirihi juu ya Geita, ni lazima kupanda kilomita 35 kwenda juu, ndani ya tabaka la ozoni la dunia. Kwa sababu hiyo kemia ya mwanga, ambayo duniani hufanyika mbali sana na udongo na mimea, kwenye Mirihi hufanyika usoni pa ardhi. Udongo wenyewe umo ndani yake.

Asilimia 95 ya hewa hiyo ni hewa ya ukaa. Naitrojeni haifiki asilimia 3, agoni ni karibu 2, oksijeni haifiki hata 0.2. Mvuke wa maji ni haba: wote uliopo juu ya mahali ukigeuzwa kuwa maji hufanya utando wa mikromita 10 hivi kwa wastani. Hewa ya ukaa hunyonya mwanga wa chini ya nanometa 200. Kuanzia hapo hadi nanometa 300, pale ambapo ozoni ya dunia hufanya kazi yake kubwa, njia ya kufika kwenye ardhi ya Mirihi iko karibu wazi. Katika majaribio ya maabara yaliyoiga mwanga huo, mbegu za bakteria aina ya Bacillus subtilis, zinazojulikana kwa ugumu wa kufa, ziliangamia kwa dakika chache tu.

Mwanga ule ulionyonywa na hewa ya ukaa haupotei bure. Huivunja molekuli na kuacha kaboni monoksaidi na atomu moja ya oksijeni. Kaboni monoksaidi ni gesi inayoua watu waliolala na jiko la mkaa katika chumba kilichofungwa, na inayowakuta wachimbaji ndani ya duara, yaani shimo la kuchimbia dhahabu, pale injini ya pampu inapowashwa chini ya ardhi. Hapa palizuka swali lililowasumbua wataalamu kwa miaka. Kaboni monoksaidi na atomu ya oksijeni haviungani tena kwa wepesi, kwa kuwa kanuni za kwanta zinazotawala elektroni zake huuzuia muungano huo. Kwa hesabu hiyo hewa ya ukaa ya Mirihi ingekuwa imevunjika yote katika maelfu machache ya miaka, na sayari ingekuwa na hewa ya kaboni monoksaidi na oksijeni. Haikuwa hivyo. Vyombo vilionyesha hewa ya ukaa tele, na vipande vyake kidogo tu. Kitu fulani kilikuwa kikivirudisha pamoja.

Jibu lilitolewa mwaka 1972 na makundi mawili yaliyofanya kazi kila moja peke yake, Michael McElroy na Thomas Donahue kwa upande mmoja, T. D. Parkinson na Donald Hunten kwa upande mwingine. Kitu hicho ni maji. Mwanga unaoivunja molekuli ya maji huacha atomu ya haidrojeni na kipande kiitwacho hidroksili, yaani oksijeni moja na haidrojeni moja. Hidroksili ikikutana na kaboni monoksaidi huipa oksijeni yake, na hewa ya ukaa hupatikana tena mara moja. Haidrojeni iliyobaki hudaka molekuli ya oksijeni na kuwa hidroperoksili. Hidroperoksili ikikutana na atomu ya oksijeni huwa hidroksili upya, tayari kwa safari nyingine. Kivuko cha Kigongo na Busisi, kabla daraja halijajengwa, hakikubaki ng'ambo kilikoshusha abiria. Kilirudi kuchukua wengine, na ndivyo vipande hivi vya maji vinavyofanya kazi. Ndiyo maana kiasi kidogo cha mvuke, ambacho duniani kingehesabiwa kuwa ukame wa kutisha, kinatosha kuishika hewa ya sayari nzima isibadilike.

Kazi hiyo hiyo ndiyo inayoiangamiza ozoni. Ili ozoni izaliwe panahitajika atomu ya oksijeni iliyo huru, na vipande vya maji huziteketeza atomu hizo kabla hazijaikuta molekuli ya kushikamana nayo. Pia haidrojeni huishambulia ozoni moja kwa moja na kuinyang'anya atomu yake. Zaidi ya hapo, ozoni yenyewe inapovunjwa na mwanga wa chini ya nanometa 310 huachia atomu ya oksijeni iliyochangamka, na atomu hiyo ikiigonga molekuli ya maji huigawa kuwa hidroksili mbili. Ozoni humzaa adui yake. Mmenyuko huu wa mwisho hautokei Mirihi tu. Anga la tropiki duniani, lenye jua kali na unyevu mwingi, lile lililo juu ya Ziwa Victoria na nyanda za Usukuma, ni mojawapo ya mahali ambapo hidroksili huzalishwa kwa wingi zaidi kwa njia hiyo hiyo, na hidroksili hiyo ndiyo inayoiteketeza methani na kusafisha moshi wa mashamba yanayochomwa wakati wa kiangazi.

Kutokana na hayo inafuata kanuni moja inayotawala ozoni yote ya Mirihi: palipo na mvuke, ozoni ni haba, palipokauka, ozoni huongezeka. Mahali pakavu kuliko pote ni juu ya ncha wakati wa usiku wake mrefu wa baridi, ambapo maji yote yameganda na hakuna mwanga wa kuyavunja. Ozoni hukusanyika huko. Majira ya kuchipua yanapofika, jua likarudi na barafu ikaanza kutoa mvuke, ozoni hiyo hutoweka. Karibu na ikweta mabadiliko ni madogo lakini yapo, kwa sababu njia ya Mirihi kulizunguka jua imevutika upande mmoja. Sayari inapokuwa mbali na jua hewa hupoa, mvuke hugeuka mawingu ya barafu chini kabisa, kilomita kama 10 juu ya ardhi, na anga lililo juu ya mawingu hayo hukauka. Ozoni hupata nafasi. Inapokaribia jua, joto na vumbi huupandisha mvuke juu sana, na nafasi hiyo hufungwa.

Uchunguzi wa kanuni hiyo ulikwenda kwa hatua. Tarehe 5 Agosti 1969 chombo cha Marekani Mariner 7 kilipita karibu na Mirihi kikiwa na spektromita ya urujuanimno iliyosimamiwa na Charles Barth wa Chuo Kikuu cha Colorado. Juu ya barafu ya ncha ya kusini mwanga uliorudi ulikuwa na pengo kwenye nanometa 255, alama ya ozoni isiyoweza kufananishwa na kitu kingine. Haikuwa wazi kama ozoni hiyo ilikuwa hewani au imenaswa katika barafu ya hewa ya ukaa. Mariner 9, iliyofika Novemba 1971 na kubaki ikiizunguka sayari, ilimaliza shaka hiyo: ozoni iliongezeka na kupungua kwa majira, ikaonekana hata pale pasipo na barafu ardhini, na ilikuwa nyingi zaidi palipo na baridi na ukavu. Kisha zikaja darubini za ardhini. Ozoni ikivunjwa huacha molekuli ya oksijeni iliyochangamka, nayo hutoa mwanga hafifu wa mikromita 1.27 inaporudi kwenye utulivu wake. Mwanga huo ulionekana kutoka duniani katika miaka ya 1970, na tangu hapo umekuwa njia ya kuipima ozoni bila kwenda kwenye sayari yenyewe.

Chombo cha Ulaya Mars Express, kilichorushwa mwaka 2003, kilipeleka spektromita iitwayo SPICAM ambayo ilichora ramani za ozoni kwa miaka mingi. Njia yake bora zaidi ilikuwa kuitazama nyota ikizama nyuma ya ukingo wa sayari: kadiri mwanga wa nyota unavyopita kwenye tabaka za chini zaidi, ndivyo ozoni ya kila tabaka inavyojionyesha. Kwa njia hiyo Franck Montmessin na Franck Lefèvre walionyesha mwaka 2013 kwamba juu ya ncha ya kusini, usiku wa baridi, kuna tabaka la ozoni lililoning'inia kati ya kilomita 40 na 60. Oksijeni yake haitoki papo hapo. Atomu za oksijeni zilizovunjwa na jua upande wa pili wa sayari husafirishwa na upepo wa juu, huteremka kwenye giza la ncha, na huko ndiko huungana na molekuli na kuwa ozoni. Juu ya ncha ya kaskazini tabaka hilo halikuonekana, kwa kuwa upepo unaokwenda huko hupanda pamoja na mvuke mwingi zaidi. Miaka mitano kabla ya hapo, Lefèvre na wenzake walikuwa wameonyesha kwamba hesabu za kemia ya hewa peke yake huacha ozoni pungufu ya ile inayopimwa, na kwamba pengo hilo huzibika ikikubaliwa kuwa vipande vya maji hunata na kufa juu ya chembe za barafu za mawingu. Ni matokeo yenye uzito kwa dunia pia: shimo la ozoni la Antaktika nalo huanzia kwenye uso wa chembe za mawingu ya barafu, ingawa huko kinachofunguliwa ni klorini, na badala ya kuilinda ozoni huiua.

Tangu mwaka 2018 chombo kingine cha Ulaya na Urusi, kiitwacho Trace Gas Orbiter, kinaipima hewa ya Mirihi kwa usahihi mkubwa kuliko vyote vilivyotangulia. Kimeigundua hata gesi ya haidrojeni kloraidi, inayojitokeza majira ya vumbi, na hivyo klorini imeingia kwenye hesabu za kemia ya Mirihi. Roboti Curiosity, iliyo kwenye kreta ya Gale, imeonyesha kwamba oksijeni ya mahali hapo hupanda majira ya kuchipua na ya joto kwa kiasi kikubwa kuliko kemia inayojulikana inavyoweza kueleza. Swali hilo bado liko wazi.

Alama ya kemia hii iko pia kwenye udongo. Hidroperoksili mbili zikikutana huzaa haidrojeni peroksaidi, dawa ile inayotoa povu inaposafishiwa kidonda. Ilithibitishwa kwenye hewa ya Mirihi mwaka 2003 kwa darubini za kilele cha Mauna Kea huko Hawaii. Mwaka 2008 chombo cha Phoenix kilikuta chumvi za pakloreti karibu na ncha ya kaskazini. Vitu hivi huunguza viumbehai na mabaki yake. Vinasaidia kueleza kwa nini vyombo viwili vya Viking, vilivyotua mwaka 1976, vilimwaga maji ya virutubisho kwenye udongo vikaona gesi ikitoka kwa kasi, huku vikishindwa kukuta kiasi cha kuaminika cha molekuli za kaboni za uhai. Udongo ulioachwa wazi kwa mwanga kwa mamilioni ya miaka ulikuwa umejaa ukali wa oksijeni, bila kuwa na oksijeni ya kuvuta.

Dunia nayo iliwahi kuwa wazi hivyo. Kusini mwa Ziwa Victoria, ndani ya kiini kikongwe cha bara kinachobeba sehemu kubwa ya Tanzania, umelala ukanda wa miamba ya kijani wa Usukumani: lava zilizomwagika chini ya bahari, majivu ya volkano, tope lililogeuka jiwe, na mwamba wa chuma wenye mistari. Umri wake ni miaka bilioni 2.7 hivi. Mgodi wa dhahabu wa Bulyanhulu umo ndani ya ukanda huo, Geita imo, na duara nyingi zisizo na jina kwenye ramani yoyote zimo. Mwamba wa chuma wenye mistari ndio unaobeba sehemu kubwa ya vilima vya Geita na machimbo ya Nyankanga na Geita Hill ya mgodi mkubwa wa GGM, ulioanza uzalishaji wake mwaka 2000. Kwenye kipande kilichokatwa vizuri, mistari myeusi ya magnetiti, ambayo sumaku huivuta, hupishana na mistari ya gumegume myeupe au myekundu yenye unene wa milimita chache.

Mwamba wa aina hiyo haujitengenezi baharini leo. Chuma huyeyuka kwenye maji pasipo na oksijeni. Penye oksijeni hushika kutu na kuzama. Bahari iliyobeba chuma hicho kwa wingi ilikuwa bahari isiyo na oksijeni, na hewa iliyoifunika ilikuwa na hali hiyo hiyo. Basi ni nini kilichokifanya chuma kiache maji na kutua? Majibu matatu yametolewa. La kwanza ni oksijeni ya bakteria waliokuwa wameanza kutumia mwanga kuvunja maji, kidogo kidogo, karibu na uso wa bahari. La pili ni bakteria wa namna nyingine, waliochukua elektroni za chuma chenyewe kwa nguvu ya mwanga bila kutoa oksijeni. La tatu lilitolewa mwaka 1978 na mkemia Graham Cairns-Smith wa Glasgow: pasipo na ozoni, urujuanimno ulifika hadi kwenye maji na kukitoa chuma elektroni moja kwa moja, bila kiumbe chochote kushiriki. Kwa jibu hilo, mistari ya Geita ingekuwa kazi ya kemia ya mwanga tupu, ndugu wa kemia inayofanyika Mirihi leo. Majaribio ya Kurt Konhauser na wenzake yaliyochapishwa mwaka 2007 yalilidhoofisha sana: katika maji yenye silika na kaboneti kama ya bahari ya kale, chuma hujifunga kwenye madini mengine upesi kabla urujuanimno haujafanya kazi ya maana. Kwa ushahidi uliopo, bakteria ndio wanaopewa sehemu kubwa ya kazi. Lakini mwanga ule ulikuwepo, na hakuna anayeupinga.

Dhahabu ilifika baada ya mwamba kuwa mwamba. Ililetwa na maji ya moto kutoka chini, imebebwa na salfa. Yalipopenya kwenye mistari ya magnetiti, salfa iliacha dhahabu na kushikamana na chuma, ikawa pairiti, jiwe linalong'aa kwa njano na kuwadanganya wasiolijua. Dhahabu, ikiwa imekosa cha kuibeba, ilitua hapo hapo. Mchimbaji wa Geita anayefuata mwamba wenye pairiti anafuata chuma kilichozama baharini kabla dunia haijawa na tabaka la ozoni.

Uhakika kwamba ozoni haikuwepo hautegemei chuma peke yake. Salfa ina isotopu 4 thabiti, zenye uzito wa 32, 33, 34 na 36. Karibu kila mmenyuko wa kawaida, uwe wa kiumbe au wa joto, huzichuja kwa kufuata uzito: kiasi cha kupotoka kwa isotopu ya 33 ni karibu nusu ya kile cha 34. Mwaka 2000 James Farquhar, Huiming Bao na Mark Thiemens walitangaza kwamba salfa ya miamba iliyozidi umri wa miaka bilioni 2.4 hivi, iliyotoka sehemu mbalimbali za dunia zikiwemo Afrika Kusini na Australia, haiifuati kanuni hiyo. Njia inayojulikana ya kuivunja ni kuigawa gesi ya salfa dioksaidi ya volkano kwa urujuanimno wa chini ya nanometa 220 hivi, ndani ya hewa. Mwanga huo haufiki leo pale salfa ya volkano nyingi inapotawanyika, kwa sababu oksijeni na ozoni huumaliza juu. Alexander Pavlov na James Kasting walikokotoa mwaka 2002 kwamba ili alama hiyo iokoke hadi kwenye tope la bahari, oksijeni ya hewa ilipaswa kuwa chini ya sehemu moja katika laki moja ya kiwango cha sasa. Miamba ya Usukumani, yenye miaka bilioni 2.7, ni ya enzi hiyo kikamilifu.

Alama kama hiyo imo kwenye mawe ya Mirihi. Tarehe 28 Juni 1911 mawe kadhaa yalianguka kutoka angani katika eneo la Nakhla, Misri. Gesi na madini ya mawe ya jamii hiyo yalikuja kuthibitisha kwamba ni vipande vya Mirihi vilivyorushwa angani na mgongano. Farquhar na wenzake walikuta kwenye mawe hayo salfa isiyofuata kanuni ya uzito. Jiwe la Nakhla lina umri wa miaka bilioni 1.3 hivi, chini ya nusu ya umri wa mwamba wa Geita. Duniani alama hiyo ilikoma miaka bilioni 2.4 iliyopita, oksijeni ilipoanza kujaa hewani. Kwenye Mirihi ilikuwa bado inaandikwa miaka bilioni nzima baadaye, kwa kuwa ngao iliyoikomesha hapa haikuwahi kujengwa kule.

Wekundu wa sayari hizo mbili nao una historia tofauti. Udongo mwekundu unaofunika vilima vya Geita umetokana na miamba ile ile kuoza juani na mvuani ndani ya hewa yenye asilimia 21 ya oksijeni. Wekundu wa Mirihi ulipatikana kwa maji ya kale na ukali wa kemia ya mwanga, penye oksijeni ya kuhesabika.

Palipo na ozoni, wengi hudhani pana uhai. Kesi hizi mbili zinakataa kwa pamoja. Mirihi ina ozoni, na hakuna kiumbe kilichopatikana huko. Dunia ya wakati wa miamba ya Geita ilikuwa na uhai kwa hakika, kwani mikeka ya bakteria iliyogeuka mawe huko Australia Magharibi ina zaidi ya miaka bilioni 3.4, lakini haikuwa na ozoni. Viumbe hao waliishi chini ya maji, ndani ya tope, nyuma ya madini ya chuma yaliyonyonya mwanga badala yao. Jambo hilo lina uzito kwa wanaotafuta uhai kwenye sayari za nyota nyingine, kazi ambayo darubini ya James Webb, iliyorushwa Desemba 2021, imeifungulia njia. Ozoni ina alama yake ya joto kwenye mikromita 9.6, na alama hiyo ni rahisi kuonekana kwa mbali kuliko ya oksijeni. Tena haikui sambamba na oksijeni: hesabu zilizofanywa tangu miaka ya 1970 zinaonyesha kwamba hewa yenye asilimia 1 tu ya oksijeni ya sasa ingekuwa tayari na ngao ya ozoni ya maana. Kwa hiyo alama ya mikromita 9.6 hujitokeza mapema na kukomaa upesi, na haiwezi kutofautisha vizuri sayari yenye oksijeni kidogo na ile yenye nyingi. Inayosaidia ni methani ikionekana pamoja nayo, kwa sababu hidroksili inayozaliwa na ozoni na maji huiteketeza methani. Zikikutwa zote mbili katika hewa moja, kuna kitu kinachoizalisha methani hiyo upya kila mwaka.